Seva Iliyofukizwa Udi

Nitaanza kwa kujisifu. Asiyependa kusoma majisifu ya mtu na afunge ukurasa sasa hivi, tusisumbuane. Mimi ni fundi wa kompyuta, mwanamke, nimezaliwa Changamwe katika nyumba za wafanyakazi, nikalelewa kwa kwaya ya Jumapili na honi za malori. Nikipita Likoni na mkoba wangu wa bisibisi watu hudhani natengeneza simu, wengine hunisimamisha nibadilishe kioo. Sijawahi kupigiwa makofi kwa kazi yangu, ila mara moja. Mara hiyo nilipigiwa vigelegele, na hiyo ndiyo nataka kuisimulia.

Studio ninayofanyia kazi iko Likoni, ghorofani, juu ya duka la vyombo vya nyumbani. Mwenyewe ni mama wa ukoo wa zamani wa Mvita, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kabla hajashika kamera. Sote twamwita Bi Mkubwa, hata wanaomzidi umri. Kazi yetu ni kurekodi shughuli za arusi za wanawake: kupaka hina, kupamba, ngoma za ndani. Humo wanawake huvua mabuibui, nywele huachiwa, magauni yaliyoshonwa kwa siri yakatoka, na watu wazima wenye heshima zao wakacheza mpaka wakaomba maji. Mwanamume haingii, wala picha za humo hazioni.

Kwa hiyo kila mama anayekuja kutukodi huambiwa na Bi Mkubwa maneno yale yale. "Mwanao kwangu ni amana. Mwanamume hatamuona, wala mashine yenye sura yake haitavuka kizingiti hiki." Mteja akimaliza hupewa nakala yake mkononi, na asili yake hubaki kwetu. Ndiyo sababu nikaajiriwa mimi, msichana wa Changamwe mwenye msalaba shingoni: walitaka fundi, na walitaka fundi huyo awe mwanamke. Ndiyo sababu pia hatukuwa na nakala ya pili mahali popote. Nilikuwa nimeiomba hiyo nakala ya pili mpaka mdomo umenichoka. Bi Mkubwa hujibu, "Siri ikilala nyumba mbili si siri tena," na mazungumzo huishia hapo.

Picha zote zilikaa ndani ya seva, sanduku jeusi, zito, lililowekwa chumba cha ndani. Mbele yake mna diski nne zinazochomolewa kama watoto wa meza. Hizo nne hufanya kazi kama diski moja. Filamu ikiingia hukatwa vipande, kila diski ikabeba sehemu yake na kidogo cha kuwasaidia wenziwe. Nilimweleza Bi Mkubwa hivi: ni watu wanne wamebeba kabati kwenye ngazi. Mmoja akiteguka mguu, watatu watamudu kulifikisha. Wakiteguka wawili, kabati linaporomoka na vyombo vyote vilivyomo. Alinielewa vizuri, kwa sababu kabati lake lilishawahi kuporomoshwa.

Sasa kulikuwa na arusi moja. Baba wa biarusi alikuwa mgonjwa, na kabla hajafariki aliusia tarehe isibadilishwe, kwa kuwa mkwe alikuwa amepewa likizo fupi na kazi yake iko nchi za nje. Mzee akafariki arusi ikiwa imekaribia. Wosia ukafuatwa. Nikaha ikafungwa, kupamba kukafanywa nyumbani kwa shangazi, kwa adabu, bila makelele mengi. Lakini mama wa biarusi hakuweza kuwepo. Alikuwa amekaa eda ya mumewe, nyumbani kwake Timbwani, na mjane aliye edani hatoki kwenda arusini, hata ikiwa ni ya mtoto wake wa pekee. Walitaka kumpelekea biarusi nyumbani amwone alivyopambwa. Mama akakataa. Alisema nyumba ya eda haiingii maua, na kama ni kumlilia mumewe atamlilia sawasawa. Biarusi akasafiri na mumewe kesho yake.

Kabla hajasafiri aliomba jambo moja. Aliomba picha za kupamba kwake zisikatwe, zisitengenezwe, zisitazamwe na mtu yeyote kabla ya mamake. Bi Mkubwa ndiye aliyeshika kamera siku ile, na aliniambia kwa ufupi tu, "Alizungumza na mamake humo ndani." Zaidi ya hapo hakusema. Filamu ikalala ndani ya seva kama ilivyorekodiwa, ikingojea mama atoke eda. Kadi za kamera zilishafutwa, zikarekodiwa arusi nyingine. Kama kuna mahali biarusi yule alikuwa bado amekaa mbele ya mamake, ni ndani ya lile sanduku jeusi peke yake.

Eda ilikuwa inaisha Alhamisi. Jumapili mama alileta salamu kwamba siku atakayotoka, safari yake ya kwanza ni kwetu. Hakutaka kuletewa. Amekaa ndani vya kutosha, alisema, atakuja kwa miguu yake.

Jumatatu asubuhi seva haikuwaka.

Nilibonyeza, nikabonyeza tena. Nikabadilisha waya, nikabadilisha soketi, nikaitukana. Taa ndogo ya rangi ya chungwa iliwaka kidogo, feni zikakohoa, zikanyamaza. Nikaichomoa umeme, nikaikokota hadi mezani na kufungua kifuniko chake. Na hapo ndipo nilipopata harufu. Nimefungua mashine nyingi: zilizoungua, zilizoingia mende, moja ilikuwa na kiota cha panya. Sijawahi kufungua mashine ikanukia arusi.

Ndani yote ilikuwa imepakwa utando wa kahawia unaonata. Feni zilikuwa zimeganda vumbi likawa kama halua. Ubao mkuu, ile sahani kubwa inayoshika kila kitu cha mashine, ulikuwa umeingia weusi kwenye pembe moja, na pale palipokuwa peusi palikuwa pameungua. Nikapitisha kidole, nikakinusa. Udi.

Sasa nimtaje mpambaji wetu. Huyu ni shoga yangu, na siku ile alikuwa adui yangu. Ni mtu wa Likoni, mcheshi, mnene wa mashavu, na ndiye anayewapamba maarusi wa pwani ya kusini nzima ukimsikiliza mwenyewe. Mkono wake haujawahi kutetemeka akichora wanja. Nikamwita.

"Shoga, we hufukiza wapi zile nguo za maarusi?"

"Humu humu ndani," akasema, akionyesha chumba cha seva kwa furaha. "Mna baridi, mlango wafunga vizuri, moshi hautoki. Shela ikifukizwa humu yanukia mpaka fungate iishe."

"Na chetezo waweka wapi?"

Akaanza kushuku. "Hapo chini ya meza."

"Chini ya seva."

"Ee. Na siku za Ijumaa naifukiza na yenyewe pia." Alipoona nimekodoa macho akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja wema wake, "Wallahi kwa kuitakia heri! Arusi zote za watu zimo humo. Nali nikiifukiza kwa sababu ya mato ya watu, jicho la hasadi lisiingie."

Nilikasirika mpaka nikacheka, nikacheka mpaka nikakasirika upya. Huko kwetu tungeinyunyizia maji ya baraka, na ingekufa mapema zaidi, kwa hiyo sina la kumcheka mtu. Lakini nilimwambia maneno. Nilimwambia kwamba mashine hii inapumua kama yeye, inavuta hewa mbele na kuitoa nyuma, na kwamba amekuwa akiivutisha moshi wa utomvu kila Ijumaa mpaka mapafu yamekwisha. Alikaa kwenye kiti cha kupambia akajifunika uso kwa leso, na ndipo nilipojua kwamba analia, nami hasira zikaniishia vibaya, zikaniacha mikono mitupu.

Bi Mkubwa alifika, akasikiliza kisa chote akiwa amesimama. Hakumgombeza mtu. Aliuliza swali moja.

"Mtoto wa watu yumo?"

"Kama diski ni nzima, yumo. Iliyokufa ni nyumba, si waliomo."

"Na nyumba nyingine yapatikana?"

Nikamwambia ukweli. Diski zile haziwezi kuchomekwa popote tu. Kila seva ina kadi inayojua namna ya kuzikusanya zile nne na kuzisoma kama moja. Ukizichomeka kwenye mashine isiyozielewa, ama haitaona kitu, ama itadhani ni tupu na kuzifuta ili izitumie. Nilihitaji seva ya kampuni ile ile na aina ile ile, kama ndugu wa tumbo moja. Au tungezipeleka diski kwa mafundi wa kisiwani, ng'ambo ya feri, wenye mitambo ya kufufua.

"Wanaume?"

"Wote niwajuao."

Akatikisa kichwa. Kule ndani kulikuwa na wanawake wasio na idadi, wake za watu na mabinti wa watu, wamefunua vichwa kwa kuliamini neno lake. Sikujaribu kumbishia. Wiki nyingine ningembishia, maana nina mdomo, lakini nilikuwa nimeshika diski moja mkononi na nikaona uzito wake si wa chuma tu.

"Basi diski hazitoki," nikasema. "Nyumba italetwa kwao."

Mashine za maofisini zikichoka huja Changamwe kuanza maisha ya pili. Nyuma ya maegesho ya malori, si mbali na nyumbani kwetu, kuna jamaa kutoka bara mwenye ghala lililojaa kompyuta za makampuni yaliyobadilisha vyombo. Yeye na mimi tunajuana kwa kubishana. Nilimkuta Jumanne, nikamwambia aina ninayoitaka, akapanda juu ya rundo na kuitoa ya tatu kutoka chini kana kwamba alikuwa ameiweka pale kwa ajili yangu.

"Hii ndiyo yenyewe, siz. Lakini wacha nikuokolee shida. Niletee hizo diski hapa, nikutolee kila kitu chai yako ikiwa bado moto."

"Hazitoki."

"Kwani ziko na nini, dhahabu?"

"Zina nywele za watu."

Alinitazama kama mtu aliyepewa kitendawili. Kisha akakumbuka ninafanya kazi wapi, akainua mikono yote miwili. "Aah. Hiyo siwezi kuingilia. Na ikikataa huko?"

"Ikikataa nitajua mimi."

Nikaikagua seva ile kuliko wanavyokaguliwa wachumba. Nilifungua kifuniko, nikazungusha kila feni kwa kidole, nikaangalia kadi ya diski kama inalingana na ile yetu, nikaiwasha, nikaizima, nikaiwasha tena. Mwisho nikainamisha kichwa nikainusa. Jamaa akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Ilinukia vumbi tu, vumbi safi la ofisini, na sijawahi kufurahia vumbi namna ile.

Jumatano asubuhi niliipakia kwenye teksi, nikaifunga mkanda kiti cha nyuma, nami nikakaa kando yake nikiishika mgongo. Nilimwambia dereva tupite njia mpya ya Dongo Kundu, kwa sababu sikuwa na nia ya kuisukuma seva ya watu katikati ya umati wa feri. Malori yalitupita yakitutikisa. Kila tuta dereva aliniona kwenye kioo nikifumba macho. Tulipofika chini ya studio alinisaidia kuibeba hadi mlangoni, akaambiwa aiache hapo hapo na akashukuriwa kwa Kiswahili kizuri. Tukaipandisha ngazi wanawake watatu, Bi Mkubwa mbele, mimi katikati, mpambaji nyuma akiwa amejifunga leso kiunoni na hajanisemesha tangu Jumatatu.

Sikuiweka chumba cha ndani. Niliiweka sebuleni, mezani, dirisha wazi. Diski nilikuwa nimezitia alama kwa utepe tangu Jumatatu, ya kwanza mpaka ya nne kutoka kushoto, nikazilaza ndani ya leso nene ya Bi Mkubwa kabatini. Nikazichomeka moja moja katika nafasi zile zile, kila moja ikitoa mlio wake wa kukaa. Nikaunganisha skrini na kibodi. Bi Mkubwa akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Nami nikamwomba Mungu kwa maneno ya kwetu, kimyakimya, tukafika Amina pamoja. Nikabonyeza.

Feni zikanguruma, safi, bila kukohoa. Maandishi yakaanza kupita kwenye skrini, kisha yakasimama.

"Yasemaje?" akauliza Bi Mkubwa.

"Yasema imeona diski ngeni. Yaniuliza izikaribishe au izifute."

"Izifute! Ndiyo adabu gani hiyo?"

Sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaona mstari wa chini. Mashine ilikuwa imehesabu diski mbili. Mbili nyingine haikuziona kabisa, kana kwamba nafasi zao ni tupu. Watu wawili wameteguka miguu kwenye ngazi, na kabati linaning'inia.

Nikaogopa. Naandika hivyo hivyo kwa sababu majisifu yasiyo na hofu ndani yake ni uongo. Nilimwona mama wa Timbwani akipanda zile ngazi zetu kesho yake na mimi nikitafuta maneno ya kumwambia. Kitu kimoja tu nilikijua kwa hakika: kwamba nisibonyeze chochote. Sikukaribisha, sikufuta. Niliizima seva kwa adabu, nikachomoa zile diski mbili zisizoonekana, nikazipeleka dirishani kwenye mwanga.

Nyuma ya kila diski pana safu ya meno madogo ya shaba, ambayo huingia ndani ya seva na kupeana habari nayo. Meno ya zile diski mbili yalikuwa yamepakwa utando wa kahawia, mwembamba, unaong'aa. Hizo mbili ndizo zilizokaa upande wa chetezo. Diski zenyewe hazikufa. Zilikuwa zimezibwa midomo.

"Spiriti," nikasema. "Nataka spiriti na pamba, kitu chembamba kabisa."

Mpambaji aliinuka kabla sijamaliza. Akafungua sanduku lake la kazi, akatoa chupa ya spiriti anayosafishia vifaa vyake, na vile vijiti vyenye pamba nchani anavyofutia wanja uliopitiliza. Nikakichukua kijiti kimoja, nikakishusha kwenye jino la kwanza, na mkono wangu ukatetemeka hivi kwamba nikagonga pembeni. Nikajaribu tena. Ukatetemeka tena. Yale meno ni laini, ukipinda moja umeua diski kwa mkono wako mwenyewe.

"Leta," akasema mpambaji. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu Jumatatu.

Nikampa. Alikaa kwenye kiti chake cha kupambia, akaiweka diski mapajani juu ya taulo, akainamisha kichwa kama anavyoinamia jicho la biarusi. Alivuta pumzi, akaishika, na kijiti kikateremka. Jino moja, kijiti kipya. Jino jingine, kijiti kipya. Pamba zilitoka za kahawia, zikaanza kutoka za manjano, mwisho zikatoka nyeupe kama zilivyoingia. Chini dukani mtu alikuwa akigonganisha masufuria na nilitamani kwenda kumnyonga.

Alipomaliza ya pili aliinua uso. "Nitasafisha na hizo mbili nyingine. Zisione wivu."

Nikacheka. Naye akacheka, na ugomvi wetu ukaishia hapo. Tuliziacha zikauke vizuri dirishani, wote watatu tumezizunguka tukizitazama kama mikate inayosubiriwa kuiva. Kisha nikazirudisha, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Bi Mkubwa akarudia dua. Nikabonyeza.

Maandishi yakapita, yakasimama pale pale. Diski ngeni zimeonekana. Nikashuka na kidole kwenye skrini mpaka mstari wa chini. Nne.

"Zote zimo," nikasema.

"Basi zikaribishe," akasema Bi Mkubwa. "Wataka nini tena?"

Nikazikaribisha. Taa za mbele zilizokuwa zikimeta ovyo ovyo zikatulia, moja baada ya nyingine, zikawa kijani kibichi kwa safu. Mashine ikaendelea kuamka, ikauliza neno la siri kama kawaida yake, kana kwamba haijawahi kufa. Nikafungua mahali zinapokaa arusi. Zilikuwepo zote. Nikaitafuta ile moja, nikaifungua kidogo tu ili nijue kama inacheza, na uso wa msichana ukatokea, umepakwa wanja, umeangalia moja kwa moja mbele. Nikaifunga hapo hapo, kwa kuwa si mimi niliyengojewa.

Mpambaji alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka Timbwani. Bi Mkubwa, mwalimu wa chuo, mtu asiyeinua sauti, akakipokea. Nikakipokea na mimi, kigelegele cha kwetu, cha Kigiriama, kirefu, cha kutoka tumboni, tukawa wanawake watatu tunapiga vigelegele mbele ya sanduku la chuma mchana kweupe. Mwenye duka la vyombo alitoka nje akapaza sauti kutoka barabarani, "Arusi ya nani huko juu?"

"Ya mashine!" mpambaji akamjibu kupitia dirishani. "Imeolewa Changamwe, imeletwa Likoni!"

Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kelele kutulia ni kuchukua diski ya mkononi na kunakili arusi ile. Kisha nikachukua ya pili na kunakili kila kitu. Nikaiweka ile diski ya pili mbele ya Bi Mkubwa. Aliinuka. Akaenda chumbani kwake akaleta kasha lake la mbao lenye kufuli, lile la mirathi, akaitia ndani, akalifunga, na ufunguo akautia kifuani.

"Nyumba ni moja bado," akasema. "Vyumba ndivyo viwili."

Nimeshinda mabishano machache na mama yule, na hilo nalihesabu.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, mama wa biarusi akapanda ngazi zetu. Alikuja na dada yake. Alikuwa amekonda, na alitembea kama mtu anayejifunza upya ukubwa wa dunia, akigusa ukuta, akigusa mlango. Lakini alikuwa amevaa leso mpya zinazolia kwa upya, na kwa kuwa eda imekwisha na manukato yameruhusiwa, alikuwa amefukizwa udi kuanzia utosini hadi miguuni. Harufu ilimtangulia mlangoni. Nilijikuta nimeruka na kuufunga mlango wa chumba nilikokuwa nimeihamishia seva, kingine, cha mbali.

"Shikamoo, mama," nikasema, mgongo wangu ukiwa kwenye mlango.

"Marahaba, mwanangu. Mbona wafunga kwa vishindo?"

"Mashine yetu ina pumu," akasema mpambaji haraka, na akakaza uso.

Mama akacheka kidogo. Dada yake alimgeukia na kumwangalia, na nikafahamu kwamba ni mara ya kwanza kucheka tangu siku nyingi. Hakujua habari za ubao ulioungua, wala meno ya shaba, wala vijiti vya pamba. Bi Mkubwa alitukataza tusimwambie, na mpaka leo hajui.

Tulimketisha mbele ya skrini kubwa. Bi Mkubwa akafunga mapazia, akanipa ishara. Nikaichezesha kutoka mwanzo, nikasogea nyuma ukutani karibu na mpambaji. Alinishika mkono.

Biarusi akatokea amekaa peke yake katika chumba cha shangazi, kabla hajatolewa mbele za watu. Nywele zimesukwa asumini, hina imepanda hadi viwikoni, gauni limemjaa. Alikuwa amewatoa wote chumbani, Bi Mkubwa pamoja nao, akabaki na kamera iliyosimamishwa kwenye miguu yake. Akaiangalia, akiona haya. Kisha akaita.

"Mama."

"Abee, mamangu," akaitikia mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni.

"Usilie, mama. Nimekuja unione. Nimependeza?"

"Umependeza, mwanangu. Mashallah. Umependeza sana." Akasogea mbele ya kiti, akanyoosha mkono, kiganja kikiwa juu, kidole kimoja kikizunguka hewani kama anavyofanya kila mama anayemkagua binti yake kabla hajatoka nyumbani. "Hebu geuka, nikuone na nyuma."

Na kwenye skrini msichana akainuka, akalishika gauni lake pande zote mbili, akageuka polepole. Mama yake akamtazama mpaka akamaliza kuzunguka.